Mwaka Nilioitwa Feza

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Kigoma mjini, nimeinama juu ya beseni la migebuka, namwambia muuzaji kwamba samaki wake hawa walivuliwa babu yake akiwa bado kijana, nikasikia mtu nyuma yangu anaita, “Feza.” Hakupaza sauti. Nami nikageuka. Hapo ndipo penye aibu yenyewe, kwamba niligeuka. Jina langu ni Zaituni, na kwa karibu miaka thelathini hakuna aliyeniita Feza. Aliyesimama pale alikuwa mwanamke wa rika langu, mvi zimemjaa, kitenge cha ng'ambo kiunoni, dumu la mawese mkononi. Nikamtambua kwa mwanya wa meno ya mbele. Ni Riziki. Mara ya mwisho kuonana naye alinitemea mate miguuni, na sikumlaumu. Safari hii nilimshika mkono kabla hajabadili mawazo, nikamtia kwenye bajaji mpaka kwangu Ujiji, nikabandika maji ya ugali. Yeye akakaa mkekani ananitazama tu. Mimi, ambaye mume wangu husema nitazikwa mdomo ukiwa bado unatembea, nikamgeuzia mgongo nikakaanga migebuka.

Mambo ya kwetu nilikozaliwa nayaacha, hayana utamu wala faida. Inatosha kujua kwamba nikiwa na miaka ishirini na mbili nilikuwa mpishi, mfuaji na mfagiaji wa Bi Shamimu, mama mmoja wa hapa Ujiji aliyekuwa na nyumba ya vyumba saba vya kupangisha. Chumba cha uani, kilichopakana na jiko, alikaa fundi cherehani aliyeitwa Amisi. Nyumba nzima walimwita Mkongo wa uani. Alikuwa na mchumba, binti wa mtaa wa pili aitwaye Feza, lakini kifua kilipoanza kumbana Amisi, yule binti akakumbuka kwamba ana shughuli nyingi. Basi akabaki na mimi. Dirisha lake lilitazama jiko langu, na kwa miezi miwili, mimi nikipepeta mchele, yeye alinisimulia kwao. Walikuwa Walubwe, kabila la vijiji viwili tu kule ng'ambo ya ziwa, watu ambao hata Wakongo wenzao walikuwa hawawajui. Mama yake nilimjua kabla sijamwona. Nilijua anatafuna pilipili mbichi kama mtu anayekula karanga, na kwamba akitaka kucheka hujifunika mdomo kwa kiganja ili watu wasijue ameshindwa kujizuia.

Vita vya ng'ambo vilikuwa vimeshapamba moto, na kila wiki watu walikuwa wanavuka. Siku moja muuza dagaa akatuletea habari kwamba mabwato tisa, mashua za mbao za ng'ambo, yamefika ufukweni kusini mwa Ujiji, na kwamba waliomo hawataki kwenda kambini, wanasema hawawezi kuacha mabwato yao wala kutengana. Amisi akamwuliza kutoka dirishani mabwato hayo yameandikwa nini. Yule akasema moja ameliona limeandikwa Mungu Iko. Amisi akalia machozi ya wazi, mwanaume mzima. “Dada Zai,” akaniambia, “nenda ukamwambie mama niko hapa.” Nikamwambia nitakwenda kesho. Kesho yake Bi Shamimu alikuwa na wageni wa khitma, nikamwambia kesho tena. Asubuhi ya siku ya tatu nilimpelekea uji, akanishika kidole, akanywa maji vijiko viwili, akakata roho. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Wanaume wa mtaa wakamzika baada ya adhuhuri, na jioni chumba kikaoshwa kwa ajili ya mpangaji mwingine.

Siku ya tano baada ya maziko Bi Shamimu akaniambia niutupe mkoba wa marehemu. Nikaubeba mpaka ufukweni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, maana tanzia haipelekwi ovyo. Nilipanga nianze na kifua, kisha homa, kisha niseme kazi ya Mungu haina makosa. Nikawakuta watu labda mia moja, wamevuta mabwato yao mchangani na kutandaza maturubai juu yake, watoto wanaanika dagaa. Mwanamke mmoja mrefu akautazama mkoba badala ya kunitazama mimi. Ndiye aliyeushona, mama yake Amisi. “Feza?” akasema. “Wewe ni Feza?” Kumbe Amisi aliwahi kuwaandikia barua kwamba anaoa binti wa Ujiji. Kabla sijajibu, wanawake wakapiga vigelegele kutoka bwato la kwanza hadi la tisa. Nikafungua mdomo niseme. Mama Amisi akautia tonge. Kwa Walubwe mgeni haulizwi habari kabla hajala, na mwenyewe haruhusiwi kuzitoa. Nikakalishwa, nikatengewa ugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha kwao, lenye pilipili ya kutoa machozi, na wote wakangoja nishibe. Mimi nilizoea kula ukoko nikiwa nimesimama, baada ya kila mtu. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunitengea chakula kwanza na kunitazama nikila kwa furaha. Nilipomaliza akaninawisha mikono yeye mwenyewe, akasema, “Sasa sema, mwanangu. Bwana yako iko wapi?” Nikasema, “Amekwenda Tabora, mama. Kwenye mashamba ya tumbaku.” Sijui Tabora ilitoka wapi. Nilijiambia nitasema kweli kesho.

Watu hunitazama kwa jicho la kunisuta nikifika hapa, na nawaacha wanisute. Lakini wapo waliokulia kwenye kupendwa, hao hawajui njaa yake. Usiku ule sikurudi kwa Bi Shamimu, wala siku nyingine yoyote. Nilipewa kitenge, nikapewa mahali pa kulala, na asubuhi Mama Amisi akanikalisha katikati ya magoti yake akanisuka. Vidole vyake vilinuka moshi na pilipili. Alinisimulia utoto wa Amisi, na mimi nikamsimulia utu uzima wake: anavyoimba akishona, anavyomimina chai chini ya kiti kwa bahati mbaya kila siku. Vyote vilikuwa kweli. Nilikuwa natumia wakati uliopo, basi, hiyo ndiyo ilikuwa dhambi yangu, na kila nilipoitenda yule mama aling'aa uso. Riziki alikuwa binti wa bwato la jirani, tukawa hatuachani. Alinifundisha kukumba maji ya bwato bila kujilowesha na akanicheka Kilubwe changu mpaka akaanguka mchangani.

Walubwe hawaulizani wewe ni mtoto wa nani. Huulizana wewe ni wa bwato gani, ubao wa ngapi. Kila mtu ana ubao wake wa kukalia katika bwato la kwao, tangu anapoachishwa ziwa mpaka kufa kwake, na hakuna mwingine anayeukalia. Mume akisafiri, mkewe huukalia badala yake, na kila Ijumaa huupaka mawese usipasuke kwa jua. Mtu akifa, ubao wake hung'olewa, hupasuliwa kuni, na kwa kuni hizo hupikwa chakula cha matanga. Kabla ya hapo huyo si maiti, ni msafiri tu, na hakuna ruhusa ya kumlilia. Ubao wa Amisi ulikuwa wa tatu kutoka mbele katika Mungu Iko. Nikaukalia. Na kila Ijumaa, kwa mkono huu huu ninaoandikia, nikaupaka mafuta ubao wa mtu niliyemfumba macho. Wake wengine walipaka mara moja, haraka, wakaenda zao. Mimi nilipaka mara mbili, mara tatu, nikasugua kwa kitambaa. Nilikuwa naomba radhi. Wao waliona mapenzi. Nikiwa nimejificha nyuma ya turubai nikichambua dagaa niliwasikia wawili wakisema. “Mtazame Feza. Ubao wa bwana yake unang'aa kuliko wa bwana zetu tunaolala nao.” “Ndiyo upendo huo. Amisi alipata mke.” Nikajikata kidole.

Ningeweza kuishi na hayo yote kama si treni. Mama Amisi aliposikia kwamba watu wa Tabora hushuka kwa treni pale Kigoma, akaanza kwenda kuipokea. Si mara moja, kila siku ya treni. Alitoka ufukweni jua likichomoza, kwa miguu, nami nyuma yake, na mkononi alishika bakuli la sombe lililofungwa kwa kitambaa, kwa sababu mtoto akishuka safarini haulizwi habari kabla hajala. Alisimama palepale siku zote, karibu na mlango wa kutokea abiria, amejinyoosha. Watu wakishuka aliwapitia mmoja mmoja, wanaume wenye mabegi, askari, wachuuzi, na kila mwanaume mwembamba nilimwona akivuta pumzi. Watu wakiisha alinigeukia. “Labda ile inayokuja,” alisema. Nami nikasema, “Labda, mama.” Kisha tulikaa kwenye ngazi za stesheni tukala lile sombe sisi wawili, na alinipa mimi sehemu kubwa. Mpaka leo nikipita pale naangalia upande mwingine. Nilijua kila safari kwamba nimfanyialo ni ukatili. Nilijua pia kwamba nikisema, nitarudi kula ukoko nimesimama. Nikalipima hilo na lile, nikachagua tumbo langu, na sina haja ya kulipamba.

Mwaka ulipokaribia kutimia, habari zikavuka kwamba upande wa kwao kumetulia. Wakakaa kikao mchangani. Baba yake Riziki, Bwana Kitenge, ambaye ndiye aliyeongoza mabwato wakati wa kukimbia, akasema waondoke kabla mvua hazijaanza ili wawahi kupanda. Kila mtu akakubali isipokuwa mmoja. “Nendeni,” akasema Mama Amisi. “Miye nitabaki na mkwe wangu mpaka mwanangu arudi kutoka Tabora.” Hakuna aliyebishana naye, na hakuna aliyeondoka pia, maana Walubwe walikuwa wamebaki mabwato tisa duniani kote na hawakujua namna ya kuwa manane. Wiki ikapita. Siku moja nikiwa nachota maji nilimsikia Bwana Kitenge akimwambia mkewe, “Tukichelewa zaidi hatupandi. Tutakula nini mwaka kesho? Lakini mama wa watu namwachaje ufukweni?” Mchana wake akaja kwangu kwa heshima zote, akachuchumaa. “Mkwe wetu, wewe ndiye unayejua alipo. Mwandikie. Mwambie watu mia moja wanamngoja yeye.” Nikasema, “Sawa, baba.”

Nilimkuta Mama Amisi anatwanga majani ya muhogo. Nikakaa chini mbele ya kinu. “Mama,” nikasema, “Amisi hayuko Tabora. Amisi alifariki.” Akaendelea kutwanga. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akatwanga mapigo mengine kama matano, kisha akauegemeza mchi kifuani. “Lini?”

“Kabla sijaja. Siku tano kabla.”

“Aliumwa nini?”

“Kifua, mama.”

“Nani alimpa maji?”

“Mimi.”

“Nani alimfumba macho?”

“Mimi, mama.”

Akanitazama kama anayesoma maandishi madogo. “Na wewe ni nani?”

Nikamwambia yote. Jina langu, Bi Shamimu, Feza mwenyewe aliyekimbia, dirisha la jikoni. Nikamwambia hata lile ambalo ningeweza kuliacha, kwamba nilitumwa mtoto wake akiwa hai na nikasema kesho. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Hakunipiga. Alisema taratibu, “Mwaka mzima mwanangu iko chini ya udongo, na miye nambebea chakula kwenye treni. Mtu huiba nguo, huiba kuku. Wewe umeniibia kilio changu.” Kisha akaachia sauti, na mabwato yote tisa yakaja mbio.

Yaliyofuata niliyastahili. Wanawake wale wale wa vigelegele walinivua kitenge chao nikabaki na kanga yangu ya zamani. Mmoja akasema mchawi huja hivihivi, na mkoba mkononi. Riziki alinigeuzia mgongo, na hilo liliniuma kuliko maneno ya wote. Bwana Kitenge akapanda katika Mungu Iko, akang'oa ubao wa tatu. Haukukubali kupasuka upesi, mafuta yalikuwa yameuingia mpaka ndani, na uliposhika moto uliwaka kwa mwali mrefu wa njano, wanawake wakatazamana. Nilikuwa nimekaa mbali, nyuma ya majabali, sijui niende wapi. Chakula kilipoiva Mama Amisi akatoka kwenye turubai akiwa amejifunga kamba ya msiba, akaja mwenyewe mpaka pale nilipo, akaweka sahani. Chakula kile ni cha ndugu wa marehemu tu. “Ule,” akasema. “Sikusamehe. Lakini aliyempa maji hawezi kulala njaa kwenye matanga yake.” Nikala nalia, na makamasi yanachanganyika na mchuzi.

Siku ya nne nilimpeleka makaburini. Akakaa chini kando ya kaburi akaanza kung'oa majani, unyasi mmoja mmoja, mpaka kivuli kikahamia upande wa pili. Kisha akasema, “Siendi.” Nikadhani nimesikia vibaya. “Nitamwachaje huku peke yake? Hana mtu.” Basi uongo ulikuwa umekwisha na safari bado imekwama palepale, safari hii kwa sababu ya ukweli. Watu mia moja, mvua zinakuja. Nikasikia mdomo wangu unasema, “Mimi nipo, mama.”

“Wewe ni muongo.”

“Ndiyo, mama. Lakini ni muongo wa hapa hapa. Sina pengine pa kwenda.”

Akajifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakamtikisika, na sikujua ni kilio au kicheko, nadhani vyote viwili vilipita mlango mmoja. Alipouondoa mkono uso ulikuwa mkavu. “Ulitumwa ukachelewa,” akasema. “Ulikuja ukadanganya. Nikuamini kwa lipi?” Nikamwambia hana la kuniamini, aniache tu nibaki naye. Akainuka, akajikung'uta udongo. Tulirudi ufukweni yeye mbele, mimi nyuma, kama siku za treni.

Waliondoka asubuhi ya siku ya pili yake, mabwato tisa. Nilisimama mbali kidogo. Riziki alipopita alitema mate miguuni pangu. Mama Amisi alipita bila kunitazama, akaingia majini mpaka magotini, akashika ubavu wa bwato, kisha akageuka. “Zaituni,” akasema. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho jina langu kutoka kinywani mwake. “Majani yasimfike kifuani.” Akapanda.

Hayajamfika. Kila Ijumaa kwa karibu miaka thelathini nimekwenda kung'oa. Mashehe wa mtaa walinionya kwamba mwanamke hana kazi makaburini, wakachoka wenyewe. Mume wangu, aliponioa, aliuliza ni nani huyo, nikamwambia, naye ni mtu mpole, akasema afadhali mpinzani asiyeongea. Nimezaa, nimezika, nimehama nyumba mara tatu, na sijawahi kuhamia mbali na makaburi yale. Sikuwahi kupata salamu kutoka ng'ambo, wala sikuzitarajia. Nilijua kwamba kule anakaa mtu ambaye hana namna ya kuhakikisha kama natimiza au nadanganya tena. Labda ndiyo maana nilitimiza.

Yote hayo yalinipitia wakati Riziki anakula. Alikula vizuri, akamaliza mgebuka wake, akanawa. Kisha akajifuta mikono polepole na akasema, “Nilingoja nishibe kwanza, dada. Mama Amisi ametutoka. Wiki tatu sasa. Nimevuka kwa ajili ya hilo, mawese ni kisingizio tu.” Nikauliza alikufa vipi, akasema kwa uzee, kitandani kwake, watu wamemzunguka. Nikauliza kama aliwahi kunitaja. Riziki akautazama mkeka. “Jina lako hapana,” akasema. “Lakini wageni wakimwuliza ana watoto wangapi, alisema wawili. Wakiuliza wako wapi, alisema, mwanangu iko Ujiji, kwa dada yake.”

Sikuweza kukaa. Riziki alisema nipumzike kwanza, kwamba jua kali, kwamba tungekwenda vizuri kesho asubuhi. Nikamwambia hapana. Vyombo tuliviacha palepale, nikajitupia kanga, tukaenda makaburini kwa miguu, wawili. Nikachuchumaa upande wa kichwani kwake. “Amisi,” nikamwambia, “mama yetu amekufa.”